Pima kwanza, ndipo utafute: namna ya kupata kitu sahihi kwenye duka la mtandaoni

Kazi yangu ni kujibu wateja wa duka la mtandaoni. Kutwa nasoma ujumbe wa watu waliofungua kifurushi wakakuta sicho walichokitarajia, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichowafaa kilikuwa humo humo dukani, kurasa mbili mbele. Ombi langu ni moja: kabla ya kufungua tovuti, shika futikamba.

Chukua mkoba wa laptopu. Mtu anajua kompyuta yake ni ya inchi 15.6, anatafuta hivyo, analipa, mkoba unafika na zipu haifungi. Hiyo inchi 15.6 ni kipimo cha skrini, kona hadi kona, kama sentimita 39.6. Upana na unene wa kompyuta yenyewe ni habari nyingine, na laptopu mbili zenye skrini sawa zinaweza kupishana. Yalinipata mimi pia. Siku hizi napima urefu, upana na unene, naandika kwenye karatasi, kisha kwenye ukurasa wa bidhaa nateremka moja kwa moja hadi jedwali la sifa kutafuta vipimo vya ndani. Vya nje havikusaidii.

Kwenye kisanduku cha kutafutia andika maneno machache, jina la kitu likitangulia. Ukitafuta kipuri, andika namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma au chini ya kifaa.

Vichujio, yaani vile visanduku vya kuchagua saizi, rangi au bei ili kupunguza matokeo, ndivyo vinavyowaangusha wengi. Ukivibonyeza vyote kwa pamoja, unafukuza hata bidhaa nzuri ambazo muuzaji hakujaza taarifa zake zote, maana kichujio kinasoma kilichojazwa tu. Weka kimoja, tazama idadi ya matokeo, ndipo uongeze kingine. Idadi ikishuka ghafla kutoka 400 hadi 3, kiondoe hicho cha mwisho na uhakikishe jambo hilo mwenyewe ndani ya kurasa za bidhaa.

Halafu mpangilio wa matokeo. "Zinazopendekezwa" mara nyingi huchanganya na matangazo ya kulipiwa. Angalia neno dogo "imedhaminiwa". Ukipanga kwa bei ya chini utaletewa kwanza mikanda na vifuniko vya mkoba badala ya mkoba, kwa hiyo weka na bei ya kuanzia. Ukipanga kwa nyota, tazama zimetolewa na wangapi: nyota 5 za watu wawili hazinishawishi kama 4.6 za watu 900.

Maoni ya nyota tatu ndiyo ninayoyathamini kuliko yote. Aliyetoa tatu kwa kawaida anakuambia kilichomfaa na kilichomkera. Kama kuna sehemu ya kutafuta ndani ya maoni, andika "zipu" au "mshono" usome yanayotoka. Tazama picha za wateja. Na hakiki kwamba maoni hayo ni ya saizi unayoitaka, kwani maduka mengi huunganisha saizi na rangi zote kwenye ukurasa mmoja.

Utafutaji wa duka ukiwa mbovu, nenda Google, andika site: ikifuatiwa na anwani ya duka bila nafasi, kisha jina la kitu. Alama ya kutoa (-) ikitangulia neno bila nafasi huliondoa kwenye matokeo.

Kabla ya kulipa, soma ni nani hasa anayeuza, duka lenyewe au muuzaji mwingine anayeuzia humo, na nani analipia usafiri ukirudisha. Alama ya kufuli kwenye anwani inamaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa. Haikuthibitishii uaminifu wa muuzaji.

Mwisho, piga picha ya skrini ya lile jedwali la vipimo. Ukurasa unaweza kubadilishwa kesho yake, na ukituandikia kwamba mkoba umepungua sentimita mbili, picha hiyo ndiyo ninayoiomba kwanza.