Hafu marathoni ya Kilimanjaro: jinsi ya kupanda Mweka na kushuka bila kuua mapaja

Sisi watu wa Dar tukisikia kilomita 21 za Moshi tunachoogopa ni kupanda. Mi nilijifua miezi mitatu kupanda tu, siku yenyewe nikapanda vizuri kabisa, afu kwenye kushuka mapaja yakagoma, kilomita nne za mwisho nikazimaliza natembea kama bata, na kucha ya dole gumba ikawa nyeusi mpaka ikang'oka. Kwa hiyo hapa ntaongelea sana kushuka.

Hatua ya 1: ijue njia
Unaanzia uwanja wa Ushirika, kilomita chache za mwanzo ni za mjini, hamna kilima cha maana, afu mnashika barabara ya Mweka, kijiji cha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na hapo ni kupanda tu mpaka mnapogeuzia. Mji uko mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hizo stori za kukosa hewa ni vitisho tu, kazi iko kwenye mwinuko usiokata. Na mbio huwa Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, yani joto lipo.

Hatua ya 2: fanya mazoezi ya kushuka
Anza wiki kumi kabla, mara moja kwa wiki nenda Pugu (Dar nyingine yote tambarare, utajidanganya). Panda dakika tatu, afu shuka UKIKIMBIA. Wengi wanashuka wanatembea eti wanapumzika, ndo kosa langu lile. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja unafunga breki huku unavutwa, nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo, na ndo yale maumivu ya siku ya pili yanayokufanya ushuke ngazi kinyumenyume. Ila msuli ukishaonja mara mbili tatu unazoea, haulalamiki tena kama mwanzo. Anza na raundi 4, ongeza taratibu hadi 8, na wiki mbili za mwisho acha kabisa.

Hatua ya 3: kucha na kamba za raba
Kucha kata siku tatu kabla, sio usiku wa kuamkia mbio. Afu angalia raba yako, pale juu karibu na kifundo kuna tundu la ziada ambalo wengi hatuligusi. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule ibaki kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta, funga. Kisigino kinakaa, vidole havigongi mbele.

Hatua ya 4: kupanda
Saa iache. Kipimo ni mdomo, kama huwezi kumwambia wa pembeni yako sentensi nzima basi umezidisha, punguza. Hatua fupi, macho mbele kidogo, na kutembea sio aibu. Hatari ni watoto, mkishaingia kwenye vihamba, migomba na kahawa huku na huku, wamejipanga barabarani wanapiga makelele na wewe kichwa kinavimba unaongeza mwendo, gonga nao mikono ila spidi iwe ileile. Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, piga picha mapema kukiwa kweupe, mawingu huwa hayachelewi.

Hatua ya 5: kushuka
Kilomita ya kwanza ya mteremko jizuie hata kama miguu inataka kuruka. Mwili uinamie mbele kidogo tu kuanzia kwenye vifundo, hatua fupi za harakaharaka, mguu utue chini ya kiuno, usiutangulize kisigino mbele kama unasimamisha baiskeli. Unasikia paf-paf kubwa? Unafunga breki, fupisha hatua. Juu kule kuna vivuli, ukikaribia mjini jua linawaka, kwa hiyo kila meza ya maji kunywa kidogo na kinachobaki mwaga kichwani.

Hatua ya 6: baada ya kumaliza
Usikae chini, tembea dakika kumi na tano, kula chochote chenye chumvi. Na tiketi ya basi kata ya Jumatatu au Jumanne, maana kukunja magoti masaa tisa mpaka Dar siku hiyohiyo nilishajaribu, kushuka Magufuli stendi nilishikwa mkono na konda.