Kabla Hujaingia Kasri la Mysore

Wengi wanaofika Bengaluru, kusini mwa India, kwa masomo au kumuuguza mgonjwa hupata siku moja ya kupumua, na Mysore iko mwendo wa kilomita 150 hivi tu kwa treni au basi. Kasri lake linastahili siku hiyo. Ila usiende kichwa kitupu, utarudi na picha za kuba tu.

Kwanza ujue umri wake. Ukoo wa Wodeyar, wafalme wa Mysore, unahesabu utawala wake tangu 1399, lakini jengo utakaloliona lilikamilika 1912. Lililotangulia lilikuwa la mbao, likateketea mwaka 1897 katika harusi ya binti mfalme Jayalakshmanni. Mrithi wa kiti, Krishnaraja Wodeyar wa Nne, alikuwa bado mtoto, hivyo mama yake, Kempananjammanni, ndiye aliyeshika hatamu. Kazi ya kusanifu kasri jipya akapewa Mwingereza Henry Irwin. Ujenzi ulichukua miaka 15 na kumeza zaidi ya rupia laki 41.

Ukiingia na habari ya ule moto, macho yatajua pa kutua. Kuta ni za mawe ya kijivu ya matale, kuba zina rangi ya waridi iliyokolea, na mbao zimebakia kwenye milango na dari. Usipite haraka Kalyana Mantapa, ukumbi wa ndoa wenye pembe nane. Simama katikati, inua uso: nguzo za chuma cha kusubu zinabeba paa la vioo vya rangi lililojaa tausi, na vyuma na vioo hivyo vilisafirishwa kutoka Glasgow, Scotland. Kwangu mimi moyo wa kasri uko hapo. Moto uliwakuta kwenye harusi, nao wakarudi wakawajengea maharusi ukumbi wa namna hii!

Viatu huachwa nje, basi vaa vinavyovulika upesi. Ukiwa na mzee, mpe muda wa kupanda ngazi, maana ukumbi mkubwa wa baraza uko juu, na hapo ndipo matao ya Kihindi na ya Kiislamu yanapokutana vizuri.

Siku ya kwenda ichague kwa makini. Jumapili na sikukuu za kitaifa, giza likiingia, huwashwa karibu taa laki moja kwa muda mfupi, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi mapema. Dasara, sherehe ya siku kumi ya Septemba au Oktoba, inataka chumba kilichowekwa mapema sana. Siku ya mwisho tembo hutoka kasrini na kiti cha dhahabu mgongoni. Zamani alikikalia mfalme. Siku hizi hupakiwa sanamu ya Chamundeshwari, mungu wa kike wa mji huo.