Kiboko wa Magazeti: Kibubu cha Kutengeneza Nyumbani

Wengi wanaoanza kutengeneza wanyama wa karatasi hukimbilia twiga au tembo. Shingo ya twiga hupinda kabla haijakauka, na mkonga wa tembo hung'oka mapema kwa sababu watoto huufanya mpini. Anza na kiboko. Mwili wake ni puto tu, miguu mifupi, na ukikosea umbo kidogo hakuna atakayejua, maana kiboko wa kweli naye ni bonge. Tena ana tumbo la kutosha kuwekea akiba.

Tafuta puto 1 imara, magazeti yasiyopungua kurasa pana 8, vibomba 2 vya boksi vinavyobaki karatasi ya chooni ikiisha, trei kuukuu ya mayai, selotepu ya karatasi (ile ya mafundi rangi), unga wa ngano nusu kikombe, chumvi, na rangi. Karatasi za majarida zinazong'aa ziache, hazinywi gundi.

Gundi ni uji. Chemsha vikombe 2 vya maji. Pembeni, vuruga unga kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga. Mwanzoni ni mweupe kama maziwa; baada ya dakika 3 hadi 5 huanza kung'aa na kuvutika, hapo umeiva. Tia chumvi kijiko 1 cha chakula, acha upoe. Chumvi huchelewesha ukungu, lakini usizidishe: chumvi huvuta unyevu, na ukiwa Tanga au Mombasa kiboko atatoka jasho kila mvua ikinyesha. Unga wa muhogo nao unafaa, ndio watoto wanaobandikia tiara. Uji ukianza kunuka uchachu, mwaga.

Magazeti yachane kwa mkono, vipande vya upana wa sentimita 2 au 3 na urefu wa 10. Ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi zinazolala juu ya kipande cha jirani na kupotea; uliokatwa kwa mkasi huacha ngazi, na rangi haifichi ngazi. Gazeti nalo lina upande wake: kwa kawaida likichanwa kutoka juu kwenda chini hufuata mstari, likichanwa kwa ubavu huenda kombo.

Puliza puto lifikie upana wa sentimita 20, usilijaze mpaka likaze sana. Lipake mafuta ya kupikia kidogo sana ili baadaye lisigande, kisha likalishe kwenye bakuli. Chovya kipande, kipitishe katikati ya vidole viwili kukamua gundi iliyozidi, bandika. Kinachofuata kikilalie cha kwanza kwa theluthi hivi. Bandika tabaka mbili, ya kwanza kwa kurasa za maandishi, ya pili kwa kurasa za picha za rangi, ili uone pa kurudia. Sehemu ya fundo la puto iache wazi, duara la sentimita 3. Huko ndiko nyuma ya kiboko.

Sasa ni kukausha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mweke kivulini penye upepo, usimwanike juani siku ya kwanza: hewa ndani ya puto hutanuka kwa joto, karatasi mbichi ikapasuka au puto likalipuka. Usiku kukiwa na baridi puto hunywea, na karatasi ambayo bado mbichi hukunjamana pamoja nalo. Ndiyo maana ni vizuri kuanza asubuhi. Mgeuze kila saa chache. Kesho yake ongeza tabaka ya tatu, ukausha tena. Kumpima, mguse kwa shavu: akiwa wa baridi, ndani bado ana maji. Mgonge kwa kidole: aliyekauka hulia kama boksi tupu. Ukifululiza tabaka tano siku moja, juu patakauka na ndani pataota ukungu mweusi, na harufu yake rangi haiizimi.

Akishakauka kabisa, toboa puto karibu na fundo, ambako mpira umelegea, ili hewa itoke taratibu. Likipasuka kwa kishindo linaweza kuvuta ganda likabonyea.

Kata kila kibomba katikati upate miguu minne ya kama sentimita 5. Upande wa juu wa kila mguu pasua mikato ya sentimita 1, ikunjue nje kama petali, ubandike tumboni kwa selotepu. Kichwa ni kurasa mbili pana zilizofinyangwa na kukazwa kwa selotepu: upana sentimita 12, urefu 10, kimo 9. Mdomo uwe mpana kuliko sehemu ya macho. Wengi hukosea hapa wakapata nguruwe. Masikio, macho na pua vikate kwenye vikombe vya trei ya mayai, vyote vikae juu ya kichwa karibu usawa mmoja, kwa sababu kiboko akizama huacha hivyo tu nje ya maji.

Kibandike kichwa kwa selotepu upande wa mbele, mkabala na tundu la nyuma. Kichwa hiki kizito kitamwangusha kifudifudi. Tia mchanga vijiko 4 au 5 kwenye kimfuko cha plastiki, ufunge, uusukume kupitia tundu la nyuma na kuugandisha pale pale kwa gundi ya mbao. Ziba tundu kwa kipande cha boksi na selotepu. Kisha mvike mwili mzima tabaka mbili zaidi, moja moja, kila moja ikauke. Mkia ni karatasi iliyosokotwa, mfupi.

Mgongoni kata mlango wa fedha kwa wembe, sentimita 3.5 kwa milimita 4. Mtu mzima ndiye akate.

Kabla ya rangi, pitisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, la sivyo wino wa gazeti utaonekana. Kijivu chake ni nyeupe uliyotia nyeusi tone kwa tone na kahawia kidogo. Ukianza na nyeusi utamaliza kopo zima la nyeupe ukijaribu kuipoza. Ukingo wa macho, masikio na chini ya shingo vipake waridi iliyofifia. Kila mguu una kucha nne.

Siku ya kuvunja kibubu usimvunje. Kata kiraka cha nyuma kuzunguka mkia, toa hela, mrudishie mchanga wake, ubandike tabaka mbili na kupaka rangi pale tu.