Ukikaribishwa kaa mbichi ughaibuni: neno kwa watu wa Kigoma

Sisi tuliokulia Kigoma tunajua dagaa walioanikwa Kibirizi na migebuka waliokaangwa hadi miiba inatafunika. Kula kiumbe cha majini kibichi hatukufundishwa. Lakini ukiwa Korea, Uchina au Japani kwa masomo au kazi, ipo siku utakaribishwa, na mezani pana kaa aliyepasuliwa katikati, amelowekwa kwenye mchuzi wa soya au pombe ya mchele, nyama yake bado inang'aa. Mwenyeji anakusogezea sahani. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni aibu, najua.

Kataa. Mwambie tumbo lako halipokei kibichi, umwombe kilichoiva.

Kaa na kamba wa maji baridi wanaweza kubeba mnyoo bapa wa mapafu, Paragonimus. Ni ndugu wa kichocho, tunachokijua vizuri sisi wa ziwani: mayai yakifika majini huanguliwa, viluwiluwi wakaingia kwenye konokono. Ila wa kichocho wakitoka humo hupenya ngozi ya anayeoga, hawa huhamia kwa kaa na kujikunyata ndani ya nyama, wakisubiri aliwe. Ukishamla, hutoboa utumbo, huvuka kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na kuweka makazi mapafuni. Hapo mnyoo hukua akalingana na punje ya buni, na anaweza kuishi hata miaka 20. Mara chache hupotea njia akafika ubongoni.

Siki, chumvi, soya na pombe si za kutegemea, kinachomuua mnyoo ni moto. Mpike kaa mpaka joto la ndani lifike nyuzi 63, na ubao na kisu ulivyomkatia uvioshe kabla hujagusa kachumbari. Walioko Marekani nao wasijione salama: kule Missouri, kati ya 2006 na 2010, watu 9 waliugua baada ya kula kamba wabichi wa mtoni. Afrika Magharibi pia mnyoo huyu yupo.

Dalili ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu zinafanana mno na kifua kikuu: kikohozi cha miezi, maumivu ya kifua, makohozi ya rangi ya kutu au yenye damu, na picha ya eksirei yenye madoa. Daktari akisikia umetoka Tanzania atawaza kifua kikuu kwanza, na ana haki. Pima. Lakini bakteria wasipoonekana, au ukameza dawa na kikohozi kikabaki palepale, mwambie wazi: nilikula kaa mbichi, mahali fulani, mwezi fulani. Omba makohozi na choo vitazamwe kwa hadubini, yatafutwe mayai. Tiba ni prazikwanteli, vidonge vilevile vya kichocho, kwa kawaida mara tatu kwa siku kwa siku mbili, kulingana na uzito wako. Usijinunulie, maana mnyoo akiwa ubongoni dawa hiyo inaweza kuleta degedege, na hapo unahitaji uangalizi.

Ukirudi likizo bado unakohoa, sema hivyohivyo hata pale hospitali ya Maweni. Daktari wa Kigoma hana sababu ya kukisia kwamba mtu wa Ujiji amekula kaa mbichi.