Ziwa ndani ya bakuli: kufundisha uvuvi haramu kwa mchezo wa maharage

Mwalimu mwenzangu, ukiandika ubaoni "madhara ya uvuvi haramu", wanafunzi watanakili hoja sita na kuzisahau mtihani ukiisha. Wafanye wavuvi kwa kipindi kimoja. Unahitaji maharage, mabakuli na saa. Hata umeme ukikatika mnaendelea.

Hatua ya 1. Wapange wanne wanne. Kila kundi lina bakuli lenye maharage 16: bakuli ni Ziwa Victoria, maharage ni sangara. Wanafunzi wakizidi, wawe makarani wa mwalo (mahali samaki wanaposhushwa) wanaoandika nani kavua wangapi. Usiongeze wavuvi, hesabu itavurugika.

Hatua ya 2. Toa kanuni. Msimu ni sekunde 10, kuvua ni kwa vidole viwili, kuongea marufuku. Asiyepata samaki wawili, familia yake imelala njaa na yeye anatoka. Msimu ukiisha, samaki waliobaki bakulini wanaongezeka maradufu, ila ziwa halibebi zaidi ya 16. Lengo la somo kaa nalo moyoni. Ukitangulia kusema "leo tunajifunza kutunza rasilimali", watavua wawili wawili kwa adabu ili wakufurahishe, na hapo hakuna mchezo tena.

Hatua ya 3. Waache wavue. Makundi mengi hukausha ziwa msimu wa kwanza au wa pili. Usikimbilie kuwajazia.

Hatua ya 4. Jaza upya, kisha mpe mvuvi mmoja kijiko. Hilo ni kokoro, wavu haramu wa kukokota. Zogo litaanza, na marufuku ya kuongea haitadumu; makarani wanukuu yanayosemwa, maana ndiyo malighafi ya mjadala.

Hatua ya 5. Sasa wape dakika tatu za kikao watunge sheria na adhabu zao, kama BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi) zinavyofanya mialoni, kisha wavue tena. Wenye kupiga hesabu wataona: kila mtu akivua wawili, wanabaki 8, na msimu ujao ni 16 tena. Wakivua watatu watatu wanabaki 4, wanakuwa 8, kila mmoja anachukua wawili wake na ziwa limekwisha.

Hatua ya 6. Mjadala, na huu upewe nusu ya muda wote. Walimu wengi huukata kengele ikikaribia. Heri ukate duru moja ya uvuvi. Anza na walichofanya: nani alivua zaidi kwa kuhofia mwenzake? Mwenye kijiko alijiteteaje? Adhabu ilitekelezwa, au rafiki alisamehewa? Nadharia ifuate baadaye. Kidato cha sita wanaweza kusikia habari za Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kusimamia mali ya pamoja.

Kama una vipindi viwili mfululizo, mimina mabakuli matatu kwenye sinia moja, makundi yawe Tanzania, Uganda na Kenya, kila moja na sheria zake. Kundi lililobana sheria litakuja kwako kulalamika. Warudishe kwa majirani zao wakakubaliane.