Kompresa ya kujaza mitungi ya kuzamia nyumbani: hatua kwa hatua, na kwa nini bomba la hewa ndo kila kitu

Naandika hii baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Jambiani, Zanzibar, kufunga kompresa yake, maana alichoka kupakia mitungi kwenye gari kila jioni kwenda kujaziwa kwa watu. Kama hujawahi kufanya kazi kwenye chumba cha kompresa, nenda kwanza ukae na fundi wa senta yoyote ya daivu msimu mmoja, ushike spana, umwage maji, ubadilishe filta, alafu ndo urudi hapa. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukiwa na presha ya bar 200 una hewa zaidi ya lita elfu mbili, na anayeivuta yuko mita 30 chini, hana hewa nyingine.

Hatua ya 1: mashine na umeme

Nunua kompresa ya presha kubwa iliyotengenezwa kwa hewa ya kupumua, basi. Ile ya gereji ya kupulizia rangi usiilete hata kwenye mazungumzo. Kwa nyumbani Bauer Junior II au Coltri MCH-6 zinatosha, zinatoa kama lita 80 mpaka 100 kwa dakika, kwa hiyo mtungi uliorudi na bar 50 unajaa kwa dakika 17 mpaka 21. Mimi nataka mota ya umeme, sio ya petroli. Najua za petroli zinabebeka na umeme wetu unakatika, lakini kuweka ekzosi nusu mita kutoka kwenye hewa ambayo mtu ataipumua mimi siikubali, labda uko kwenye boti na huna njia nyingine kabisa. Ukipata umeme wa fezi tatu chukua, mota inawaka bila kuhangaika. Na fundi umeme akimaliza kuunga, washa sekunde mbili tu uangalie feni inazunguka kufuata mshale, maana fezi mbili zikibadilishana mashine inazunguka kinyume na haipoi.

Hatua ya 2: chumba

Kivuli, upepo unapita, sakafu iliyonyooka, watoto hawafiki. Usiibane ukutani.

Hatua ya 3: bomba la kuvutia hewa

Hapa sasa tulia, maana hapa ndo tulipoteza siku nzima na watu wengi hapa ndo wanapita mbio.

Kaboni monoksaidi ni gesi ya sumu, haina harufu wala rangi, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kiwango cha Ulaya, EN 12021, kinataka isizidi ppm 5 (sehemu 5 kwa milioni) kwenye hewa ya kupumua. Sababu ya ukali huo ni kina: mita 30 presha ni mara nne ya juu, kwa hiyo ppm 10 ambayo ukiwa umekaa barazani usingeisikia, kule chini inafanya kazi kama ppm 40. Na kibaya zaidi, ukiwa chini oksijeni nayo imeongezeka presha inakusitiri kidogo, mtu anaweza kujiona mzima alafu kichwa kinaanza kuuma, anazimia wakati anapanda.

Kwa yule kijana kipimo kilikuwa kinasoma sifuri asubuhi nzima, jioni kinapanda. Tukakagua oili, tukabadilisha filta, tukafungua viunganishi vyote, hakuna kitu. Mpaka alipotoka nje mama yake akasema mbona saa hizi jirani anakaanga, kumbe kweli, jiko la mkaa liko nyuma ya ukuta na bomba la hewa liko usawa wa dirisha upande huo huo. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi nyingi hata kama huoni moshi wowote. Kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta kaa hapo siku nzima, asubuhi mpaka usiku, uandike nani anapika wapi, takataka zinachomwa wapi, bodaboda zinapaki wapi, bomba la hewa la karo la choo liko wapi.

Alafu upepo. Hiki kitu vitabu vya mashine havikuambii kwa sababu vimeandikwa Ujerumani na Italia. Sisi kaskazi inatoka kaskazini mashariki, Disemba mpaka Machi hivi, kusi inakuja kutoka kusini, na bomba ulilolipima wakati wa kaskazi likawa safi linaweza kuwa linakula moshi wa mtaa mzima kusi ikiingia. Bomba liwe juu ya paa, mdomo umeangalia chini mvua isiingie, na kama una nafasi weka njia mbili ubadilishe msimu ukigeuka. Kila msimu ukigeuka pima upya.

Na pima jenereta ikiwa INAWAKA. Watu wanapima umeme upo, kila kitu sawa, alafu umeme unakatika wakiwa na wateja wa kesho asubuhi, wanavuta jenereta wanaiweka pale pale uani. Amua leo jenereta itakaa wapi, iwe mbali na upepo uitoe, na kama haiwezekani basi umeme ukikatika hujazi, mwisho.

Bomba lenyewe liwe pana. Ukirefusha kwa mpira mwembamba mashine inakosa pumzi, inachemka, na oili ikichemka sana inaungua ndani na kutengeneza kaboni monoksaidi yenyewe, hata kama hewa ya nje ni safi kabisa. Mdomoni weka wavu mdogo, nyigu wanapenda sana kujenga humo.

Kipimo cha kaboni monoksaidi nunua kabla ya mtungi wa pili. Mimi napendelea kile kinachofungwa kwenye njia ya hewa chenye kengele, cha mkononi ni bora kuliko kukosa.

Hatua ya 4: maji na filta

Hewa yetu ni nzito. Kwenye nyuzi 30 hewa iliyojaa unyevu inabeba kama gramu 30 za maji kila mita ya ujazo, kwenye nyuzi 20 ni 17 tu. Kwa hiyo masaa ya filta yaliyoandikwa kwa hali ya hewa ya kwao wewe huku huyafikishi, tafuta jedwali la joto kwenye kitabu cha mashine yako na ufuate mstari wa joto la huku. Filta ikilowa, ile dawa inayogeuza kaboni monoksaidi nayo inakufa, ndo maana ukavu na sumu ni jambo moja. Mwaga maji yanayojikusanya kwenye mashine kila dakika 10 mpaka 15. Valvu inayoshikilia presha ndani ya filta isishuke usiiguse, na valvu ya usalama ndo kabisa, anayeikaza ili apate bar zaidi asije kwako tena. Oili iwe ya kompresa ya kupumulia, sio ya gari.

Hatua ya 5: mitungi

Soma mihuri shingoni. Ukaguzi wa ndani kila mwaka, wa presha ya maji kila miaka 5. Mitungi ya zamani ya alumini ya aloi 6351, mingi ya Marekani kabla ya 1988, hupasuka shingoni, mimi siijazi. Na hakikisha nyuzi za valvu ni za mtungi ule, valvu ya M25 (nyuzi za milimita 25) kwenye shingo ya inchi 3/4 inaingia ukadhani imeshika, alafu kwenye presha inaruka na kuua.

Oksijeni na nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) usichanganye kwenye hii mashine, ni moto.

Hatua ya 6: kujaza

Acha mashine iende kidogo hewa ikitoka nje, soma kipimo, weka kitambaa cheupe kwenye hewa inayotoka uone kama kuna oili. Funga mtungi kwa mnyororo ukutani, unga hosi, fungua valvu taratibu, kaa pembeni usiinamie. Sijazi ndani ya beseni la maji, maji yakiingia kwenye valvu yanaenda ndani na faida ni ndogo. Ishia presha iliyoandikwa kwenye mtungi, ukipoa ikashuka ongeza kidogo. Funga valvu ya mtungi, kisha ya hosi, toa presha kwenye hosi, ndo uitoe hosi. Andika kwenye plasta tarehe, bar na namba ya kipimo, bandika kwenye mtungi, na masaa ya mashine andika kwenye daftari hapo hapo kabla hujagusa mtungi unaofuata.