Somo: Seva ya filamu ambayo mama ataifungua mwenyewe

Ukiwauliza vijana wa kompyuta hapa Lubumbashi programu gani ya seva (kompyuta ya nyumbani inayotunza filamu na kuzipeleka kwenye televisheni na simu) ni bora, watakutajia ile yenye mambo mengi. Mimi naanzia kwingine: nani atashika telekomande saa mbili usiku wewe ukiwa kazini Kolwezi? Ni mama, koko (bibi au babu) na watoto wa shule. Chagua kwa ajili ya hao, kwa sababu wewe fundi utazoea yoyote.

Hatua ya 1: Itazame nyumba kwanza

Televisheni ni ya aina gani? Nani anasoma Kifaransa, na nani hasomi kabisa? Koko asiyesoma anachagua filamu kwa picha ya jalada, kwa hiyo picha zikikosekana, kwake seva haipo. Halafu angalia kama kuna intaneti ya kudumu au mnanunua mega (data za intaneti) kidogo kidogo. Nyumba nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi, komini za hapa mjini, zinaishi kwa mega, na jambo hilo peke yake linakata nusu ya shauri.

Hatua ya 2: Punguza majina

Jellyfin ni ya bure kabisa. Ilizaliwa Desemba 2018, Emby, programu nyingine ya seva, ilipoacha kuutoa wazi msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu). Akaunti zake zinakaa ndani ya kompyuta yako, si kwenye kampuni ya mbali. Ina Kifaransa.

Plex inapendeza macho, na kuiweka kwenye televisheni ni rahisi. Lakini inataka akaunti ya kampuni, na ukurasa wake wa kwanza unachanganya filamu zako na zile wanazotoa wao pamoja na matangazo. Mama anabonyeza picha asiyoijua, intaneti haipo, kinatokea kizunguzungu. Unaweza kuzificha.

Emby iko katikati, na baadhi ya mambo yake yanalipiwa. Kodi, iliyoitwa XBMC hadi 2014, ni nzuri kwa televisheni moja yenye diski pembeni. Kazi yake kubwa ni kuchezesha, si kugawia nyumba nzima.

Kwa nyumba ya mega, ushauri wangu ni Jellyfin, na nausimamia.

Hatua ya 3: Jaribio la kuchomoa intaneti

Hili ndilo somo lenyewe. Weka filamu chache tu, unganisha televisheni, kisha ondoa intaneti lakini acha Wi-Fi ya modemu iwake. Zima televisheni, iwashe tena. Mpe mama telekomande, mwambie atafute video ya arusi, halafu ukae kimya. Usimwonyeshe kidole, usiseme «hapo juu». Tazama anaposimama na kusita: hapo ndipo pa kurekebisha. Akifika kwenye arusi bila wewe, programu imefaulu. Akikuita mara mbili au tatu, jaribu nyingine kabla hujahamisha diski nzima.

Jellyfin inapita hapa kwa sababu haiombi ruhusa nje ya nyumba. Plex inaweza kuendelea kama televisheni bado iko ndani ya akaunti. Ikijitoa, utahitaji intaneti kuirudisha.

Hatua ya 4: Jiandae kwa delestaji (umeme kukatwa)

Laptopu ya zamani ni seva nzuri kuliko kompyuta kubwa ya mezani, maana betri yake inaiendesha umeme ukikatika. Ipange isilale unapofunga kifuniko. Tumia diski ndogo ya nje inayokula umeme wa USB. Ile kubwa yenye waya wake itazimika pamoja na nyumba. Diski iwe kwenye mfumo (namna ya kupanga mafaili) wa NTFS au ext4. Ya exFAT inaharibika kirahisi umeme unapokatika wakati wa kuandika. Modemu nayo itafutie ondulere (betri ya akiba) ndogo, ila soma kwanza volti zilizoandikwa nyuma yake.

Mwisho, zima kila kitu na uwashe. Seva iamke yenyewe, bila mtu kuandika nenosiri. Ukiiweka kwenye Linux, Jellyfin inaanza pamoja na mashine.

Hatua ya 5: Majina na profaili

Kila filamu iwe na folda yake, jina na mwaka kwenye mabano. Mfululizo uandike S01E01, S01E02. Nunua mega siku moja ili seva ivute majalada yote. Baada ya hapo yanabaki kwenye diski. Arusi, ubatizo na matanga viweke kwenye maktaba ya aina ya video za nyumbani. Ukiviweka kwenye filamu, seva itavitafutia jalada la filamu ya watu wengine.

Fungua profaili tatu: mama, watoto, msimamizi. Ya mama isiwe na nenosiri, na ionyeshe maktaba mbili au tatu tu. Ya watoto ichagulie maktaba wanazoruhusiwa. Ya msimamizi iwe na nenosiri gumu.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Katuba: Mwanangu, nikitazama kwa simu, haitamaliza mega zangu?*

Hapana, mama. Filamu inatoka kwenye kompyuta ya nyumbani na kupita kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Lakini simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, inaweza kurukia mtandao wa mega, na hapo seva haitaonekana. Ikikuuliza, ikubalie ibaki kwenye Wi-Fi hiyo, au zima data kabla ya kufungua.

*Kijana wa Kampemba: Yaya, kaka yetu yuko Ubelgiji, anataka kuona arusi. Plex si bora?*

Kwa walio mbali, Plex ni nyepesi kupanga, ila tangu 29 Aprili 2025 kutazama video zako ukiwa nje ya nyumba kunalipiwa. Jellyfin inawezekana kwa njia ya Tailscale au WireGuard, programu zinazounganisha vifaa vya mbali kwa njia ya siri. Usifungue mlango wa 8096 (namba ambayo Jellyfin inapokelea wageni kwenye mtandao) wazi kwa dunia nzima. Na pima kasi ya kupandisha: video ya megabiti 8 kwa sekunde inadai kasi hiyo wakati wote. Kwa arusi moja, mpe msafiri flashi.

*Ndugu wa Likasi: Filamu inakwama, feni ya laptopu inalia.*

Seva inaibadilisha filamu wakati inaichezesha, na kazi hiyo ni nzito. Mara nyingi ni video ya H.265 (namna mpya ya kubana video) kwenye televisheni isiyoijua, au maandishi ya chini yaliyo picha. Tafuta nakala ya H.264, namna ya zamani, yenye sauti ya AAC, na maandishi ya aina ya SRT, yaani faili la herufi tupu. Kukiwa na delestaji, kubadilisha huku kunamaliza pia betri.

*Dada wa Ruashi: Televisheni yetu haina duka la programu.*

Ikiwa na HDMI, kiboksi cha Android TV kinatosha. Ikiwa inaunganishwa na mtandao na inajua DLNA (njia ya televisheni kupokea video kupitia mtandao wa nyumbani), ongeza kiongezi cha DLNA kwenye Jellyfin. Tangu toleo la 10.9 hakiji pamoja nayo. Majalada huenda yasionekane vizuri, kwa hiyo kama kuna koko asiyesoma, nunueni kiboksi.